Ndera Si Tusi, Ni Base ya Chapo

Ukisimamisha motari, yaani msee wa boda, pale Kimironko umshow unaenda Ndera, atakucheki kwanza kabla akupee helmeti. Si roho mbaya. Ni hiyo jina. Kigali, "Ndera" ndio kitu msee huambiwa akianza kuongea maneno hayashikani, ju hospitali ya magonjwa ya akili iko huko. Sisi wa Kanairo tuko na yetu pia. Tangu nikiwa mtoi Umoja nimeskia watu wakirushiana Mathare. Wabongo wako na Mirembe ya Dodoma, Waganda wako na Butabika. Yaani kila mahali tulichukua mtaa moja tukaigeuza matusi, alafu tukasahau kuna wasee wanalala hapo, wanapika hapo na kulea watoi hapo.

Nilihamia Ndera 2021. Miezi ya kwanza nilikuwa nadanganya. Nikiulizwa nakaa wapi, nasema Masoro, ama Free Zone, ama "kando ya Azam". Zote ziko ndani ya sekta ya Ndera, wilaya ya Gasabo, lakini ukisema Masoro watu wanafikiria kazi na chuo. Hiyo uongo iliisha ju ya chapo.

Hospitali inaitwa Caraes, na ilianzishwa 1968 na shirika la mabradha wa Kikatoliki. Watu huja kliniki kutoka pande zote za Rwanda, wengine wamesafiri usiku. Karibu na geti kuna resto ndogo imefunikwa mlango na pazia. Ndani ni mabenchi, thermos kubwa za chai ya maziwa, igikoma, yaani uji, mandaa, mayai boilo, na chapo zimepangwa ndani ya beseni chini ya kitambaa. Mwenye resto sitamtaja jina, na hata hapo hakuna mwenye humtaja. Ni Mama tu.

Siku ya kwanza niliingia kufuata harufu. Meza ya nyuma kulikuwa na boy wa rika yangu amekaa na broo yake, na huyo boy alikuwa anaongea peke yake, kwa sauti. Nikangoja watu wageuke. Hakuna mtu aligeuka. Mama akaenda akamuuliza, vile huuliza kila mtu, kaa chai yake anataka na sukari ama bila. Alafu akasimama hapo akingojea jibu. Jibu ilichukua muda. Akangoja. Watu wengine walikuwa wanataka chai na hakuna mwenye alinung'unika. Nimewahi kulia mahoteli za maana pande za Westi, na sijawahi ona mteja akipewa muda hivo. Tangu hiyo siku nakaa Ndera, na nasema Ndera.

Msee wa Nairobi akifika huku macho inatafuta kibandaski. Anatafuta smokie na kachumbari, mutura kwa kona, yule mathe wa chapo madondo kando ya steji. Hapati. Kuuza vitu kwa barabara imekatazwa, na 2017 jiji la Kigali lilisema anayeuza na anayenunua wote watalipa faini ya faranga elfu kumi. Kwa hivyo mtaa inanukia msosi na msosi wenyewe huuoni. Lazima ujue ni pazia gani utafungua. Mkate unapewa ndani ya bahasha ya kaki, ju mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2008, miaka tisa kabla ya Kenya. Na ile Jumamosi ya mwisho wa mwezi, asubuhi ya umuganda, usijaribu kutafuta hata mandaa. Kila kitu imefungwa, watu wameshika majembe na mafagio.

Mchana ndio Ndera inachange. Free Zone, ile eneo la viwanda tunaita tu Zone, ukijumlisha sehemu ya kwanza na ya pili, ni hekta 276. Volkswagen walianza kuunganisha magari huko 2018, BioNTech wakaleta kontena zao za kwanza za kiwanda 2023, na Azam wako na kinu cha ngano. Saa sita ikigonga, hao wafanyikazi wote wanataka kitu moja: melange.

Melange, wacha nikueleze, ni bufee ya mtu wa kawaida. Unalipa mara moja, unashika sahani moja, unapakua mara moja. Hiyo "mara moja" ndio imezaa ufundi. Cheki msee wa Zone akipakua. Chini anaweka ndizi za kupika na waru, ju ni nzito na hazitembei. Wali anajaza kwa mapengo. Makaroni inazungushwa pembeni kaa ukuta, ndio maharagwe isitoroke. Juu ya hapo isombe, yaani kisamvu, juu ya isombe dodo, mchicha wa huku, alafu chipo kadhaa zinachomekwa penye zitasimama. Nyama haujipakulii. Mwisho wa meza kuna mtu amesimama na kijiko, anakuwekea kipande moja na mchuzi. Hiyo mchuzi unaiomba kwa heshima, ju ndio itashikanisha kila kitu. Ukikaa chini, unafinya Akabanga, ile pilipili ya matone ya Sina Gérard wa Nyirangarama. Matone mawili. Tatu utalia.

Alafu wakakuja wanafunzi. Carnegie Mellon walihamia huku juu 2019, African Leadership University nao wakajenga, na ghafla mtaa ikawa na Mnaija anayetafuta jollof, Mghana anayembishia, na mimi natafuta ugali ngumu ya mahindi, ju ubugari ya huku mara nyingi ni ya muhogo, laini, inavutika. Maresto zikaskia. Kuna jikoni zilikuwa zinapika melange pekee na saa hii ubao wa nje uko na chipo masala. Kuna cafe za vioo kutoka juu mpaka chini, soketi kila meza, kahawa ya mashine. Hiyo ya kahawa inanifurahisha kabisa. Rwanda imekuza kahawa miaka mingi na karibu yote inaenda nje, so kuona mayut wa hapa wakibishana kuhusu kahawa ya Huye na ya Nyamasheke ni kitu poa. Na tangu Nyandungu, ile bustani ya kinamasi hapo chini, ifunguliwe 2022, wikendi watu wanashuka kutembea alafu wanapanda kudishi.

Burangeri, yaani bakery, nazo zimeongezeka. Napenda kuwaza hiyo njia ya mkate: Azam, kampuni ya Bakhresa, Mzanzibari, inasaga ngano juu ya kilima cha Ndera, na mimi wa Umoja nakula na ikivuguto, yaani maziwa lala, baridi kwa duka la maziwa, ndevu zikiwa nyeupe. Lakini 2022, vita ya Ukraine ilipopandisha ngano dunia nzima, nilianza kupima mkate wangu kwa macho kila asubuhi. Juni 2024 nilikuwa kwa hiyo meza ya maziwa nikicheki simu, mabeste wangu wakiwa barabarani Nairobi wakipinga mswada wa fedha. Ule mswada ulikuja ukitaka VAT ya asilimia 16 kwa mkate. Mkate ulitolewa ndani ya mswada kabla ya tarehe 25, na bado wakatoka, na wengine hawakurudi home. Siwezi shika mkate siku hizi bila kuwakumbuka.

Na huku kuna siku za kunyamaza. Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu walikimbilia hospitali ya Caraes wakitafuta usalama, wakauawa. Kila mwaka kuanzia tarehe 7 Aprili, wiki ya maombolezo, hakuna resto inapiga mahewa. Mama huuza chai pole pole na huongea kidogo.

Sasa kitu inanikosesha usingizi. Butike ya kona, penye nilikuwa nakopa mayai mwisho wa mwezi, ilifungwa ikatiwa vioo. Sichukii cafe, hii story nimeandikia kwa cafe. Lakini kodi ikipanda pale geti, yule mtu ametoka mbali na mgonjwa wake atakunywa uji wapi saa kumi na mbili asubuhi? Kwa hizo vioo, nani atamngoja ajibu mambo ya sukari? Na mbona karibu kila bango mpya inaandikwa Masoro? Wenye cafe, nawaomba kabisa, andikeni Ndera. Kubwa, kwa rangi.

Juzi nilisimamisha motari Kimironko, nikamshow Ndera. Akanicheki, nikajipanga kuchekwa. Akauliza, "Ndera wapi?" Nikamwambia kwa geti ya Caraes, kwa Mama wa chapo. Akanipea helmeti. Alisema hata yeye hajakunywa chai, na tukiharakisha tutapata chapo zikiwa moto.