Kabla ya Kufunga Ziwa: Samaki Wetu Huzaa Wapi na Lini

Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Ni haki mtu wa Mwanza kuuliza kwa nini Ziwa Victoria nalo lisifungwe vivyo hivyo. Jibu linategemea jinsi wanavyozaa samaki wanaoshushwa kwenye soko la Mwaloni Kirumba na kuishia kwenye vikaango vya mtaani Kiseke, jijini humo.

Tukubaliane kwanza juu ya maneno mawili. Mazalia ni mahali samaki anapotaga mayai, pamoja na maji ambamo vifaranga hukulia siku za mwanzo. Samaki mchanga ni yule ambaye bado hajafikia umri wa kuzaa. Akivuliwa, ameondoka bila kuacha mbegu.

Sato huzalia karibu na ufukwe. Dume huchimba shimo la duara kwenye mchanga au tope, katika maji ya kina kifupi, na kulilinda. Jike hutaga humo, kisha huyakusanya mayai mdomoni na kukaa nayo wiki moja au mbili. Hata baada ya kuanguliwa, vifaranga hukimbilia mdomoni mwa mama wakiona hatari. Mayai yake si mengi, ni mamia au zaidi kidogo ya elfu moja; anachokosa kwa wingi hukipata kwa malezi. Na kwa kuwa ziwa letu liko karibu na ikweta, sato huzaa mwaka mzima, ingawa mvua humhimiza zaidi.

Katika malezi hayo aina ya zana ina uzito mkubwa. Jike mwenye mayai mdomoni hali chakula kama kawaida, hivyo ndoano humkosa mara nyingi. Kokoro halimbagui. Wavu huu hukokotwa kutoka majini hadi nchi kavu ukiparura chini. Hufukia mashimo, humwondoa dume mlinzi, na jike akibanwa hutema mayai.

Sangara ana njia nyingine kabisa. Jike mkubwa hutaga mayai kwa mamilioni, yanaelea bila mlinzi, na mengi hupotea. Kinachomwokoa ni ukubwa wa mzazi, maana jike akiongezeka urefu idadi ya mayai hupanda kwa kasi. Ndiyo sababu nchi tatu zinazolizunguka ziwa ziliwahi kukubaliana kwamba viwanda visipokee sangara wa chini ya sentimita 50 wala wa juu ya 85: wa chini bado ni mchanga, wa juu ni mzazi wa thamani. Vifaranga wake nao hukulia ghubani, kando ya matete, mlemle linamopita kokoro.

Yuko wa tatu, ambaye vijana wengi wa leo hawajamwonja. Ningu huishi ziwani, lakini mvua kubwa zinapojaza mito hupanda kwa makundi kwenda kutaga kwenye nyasi zilizofurika. Zamani alivuliwa kwa wingi katika mito kama Kagera. Nyavu za makila, zile za kutega zinazomnasa samaki kwenye matundu, zilipoingia ziwani mwanzoni mwa karne ya 20, wavuvi walijifunza kuzitega kwenye midomo ya mito wakati huohuo wa kupanda. Waliokamatwa walikuwa wazazi wakiwa na mayai tumboni. Katikati ya karne hiyo uvuvi wa ningu ulikuwa umeporomoka, na haujarudia hali yake.

Tukiweka watatu hao pamoja, naona kufunga ziwa zima kwa miezi mitatu kungemsaidia ningu kama kungeangukia wakati wa mvua, lakini kungempa sato pumziko fupi tu, maana makokoro yangerudi mara tu ziwa likifunguliwa na kukuta mashimo mapya. Kwa ningu inafaa kufunga midomo ya mito wakati wa mvua. Kwa sato na sangara kinga ni ya mahali na ya kipimo, siku zote za mwaka: maji ya ufukweni yasiburuzwe, na makila yasiwe na matundu chini ya inchi 6.

Sheria tayari inapiga marufuku kokoro na nyavu za timba (za uzi mmoja wa plastiki), na msako wa Operesheni Sangara wa 2018 ulichoma nyavu nyingi. Ugumu ni kwamba wavuta kamba wa kokoro kwa kawaida ni vijana wasio na mtumbwi wala mashine, wanaolipwa kwa samaki wa siku ileile. Ukichoma wavu bila kuwapa njia ya kupata makila halali au ndoano, mwenye mtaji atanunua mwingine na wao watarudi kuvuta usiku. Kwa hiyo ningeanza na mikopo ya zana kupitia vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi vilivyoko mialoni, kisha doria kwenye mazalia yaliyowekewa maboya. Na pale Kiseke jioni, mama anayepanga sato wadogo kuliko kiganja kwenye beseni anawauza kwa sababu sisi tunawanunua.