Mtoto anapopelekwa eksirei, mzazi usikae kimya

Foleni ni ndefu nje ya chumba cha mionzi. Mama amempakata mtoto wa mwaka mmoja na nusu anayekohoa. Jina linaitwa, anaingia, anaambiwa amshike mtoto asitikisike, picha inapigwa, anatoka. Hakuuliza kitu, na hakuna aliyemuuliza. Wazazi wengi mnaosoma ukurasa huu mmewahi kupita hapo.

Ajabu ni kwamba dawa tunaziuliza. Anywe mara ngapi kwa siku, kabla au baada ya kula, akitapika nimrudishie? Ikifika zamu ya mionzi tunanyamaza, labda kwa sababu haionekani wala haiumi.

Swali la kwanza la kumuuliza daktari ni hili: picha hii itabadilisha nini kwenye matibabu ya mwanangu? Daktari mwenye sababu atakujibu kwa sentensi moja tu. Unaweza pia kuuliza kama utrasaundi au MRI, vipimo visivyotumia mionzi ya aina hiyo, vinaweza kutoa jibu hilohilo. Si kila mara vinaweza, lakini kuuliza si utovu wa adabu.

Tuweke sawa suala la hatari. Eksirei moja ya kifua kwa mtu mzima ni takriban milisivati 0.1. Mionzi ya asili tunayoipata sote kutoka ardhini, angani na kwenye chakula ni wastani wa milisivati 2.4 kwa mwaka duniani. Kwa maneno mengine, eksirei hiyo ni sawa na kuishi tu kwa wiki mbili hivi. Kwa hiyo usimkatalie mtoto eksirei ya mkono uliovunjika. CT skani ni habari nyingine: ya tumbo kwa mtu mzima inaweza kufikia milisivati 8 hadi 10.

Mtoto huathirika zaidi kwa kuwa mwili wake bado unakua na ana miaka mingi mbele ambayo madhara yanaweza kujitokeza. Utafiti uliofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2012 uliwafuatilia watu zaidi ya 170,000 waliopigwa CT skani wakiwa watoto au vijana. Watafiti walikadiria kwamba kati ya watoto 10,000 wa chini ya miaka 10 wanaopigwa CT ya kichwa mara moja, ndani ya miaka 10 ataongezeka mmoja mwenye saratani ya damu na mmoja mwenye uvimbe kwenye ubongo. Ni hatari ndogo, lakini haitakiwi kuchukuliwa bila sababu.

Na hapa akina mama wana historia yao. Miaka ya 1950, daktari Alice Stewart wa Oxford aliwahoji akina mama waliofiwa na watoto kwa saratani, akawalinganisha na wale ambao watoto wao walikuwa wazima. Waliofiwa walikuwa wametaja kupigwa eksirei ya tumbo wakiwa wajawazito karibu mara mbili zaidi. Wakubwa wa taaluma walimpinga kwa miaka mingi. Leo swali la “una mimba?” huulizwa kila chumba cha mionzi, au linatakiwa kuulizwa.

Akianguka na kugonga kichwa

Hapa ndipo wazazi huchanganyikiwa zaidi, wengine hata kushinikiza CT ifanyike papo hapo. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2009 uliohusisha watoto zaidi ya 42,000 ulionyesha kuwa daktari anaweza kuwatambua kwa dalili wale wasiohitaji CT. Wengi hutosha kukaa chini ya uangalizi kwa saa kadhaa. Lakini mtoto aliyepoteza fahamu, anayetapika tena na tena, aliyepata degedege, anayesinzia isivyo kawaida au anayetoka damu au majimaji puani au masikioni, mkimbize hospitali. Hapo daktari akisema CT, usibishane kwa kuogopa mionzi.

Nani amshike mtoto?

Ukiombwa kumshika, dai aproni ya madini ya risasi. Hiyo ni haki yako, na wengine wote watoke nje. Mikono yako isiwe mahali picha inapopigwa. Kama una mimba, au unahisi unayo, sema mapema ili baba, shangazi au ndugu mwingine amshike.

Kuhusu aproni ya mtoto mwenyewe, mambo yamebadilika. Tangu mwaka 2019 wanafizikia wa tiba wa Marekani wanashauri kuacha desturi ya kufunika sehemu za siri za mgonjwa, kwani kinga hiyo inaweza kuficha kinachotafutwa, na baadhi ya mashine huongeza mionzi zinapoikuta. Asipofunikwa, usigombane kwanza. Uliza kama mashine imepangwa kwa umri na uzito wake, na kama picha itaishia sehemu inayohitajika tu.

Binti aliyevunja ungo ataulizwa tarehe ya hedhi ya mwisho. Mama, mruhusu ajibu bila wewe kuwapo. Najua inauma, lakini mbele yako anaweza kudanganya. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kusikilizwa kwenye maamuzi yanayomhusu. Akitakiwa kuvua nguo, ana haki ya pazia, kanga au shuka, na mtu wa jinsia yake kuwapo.

Halafu kuna simu zetu. Picha ya eksirei huwa na jina, umri na namba ya mgonjwa pembeni, nasi tunairusha kwenye kundi la WhatsApp la ukoo tukiomba dua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaweka taarifa za afya na za watoto kwenye kundi la taarifa nyeti. Inambana mhudumu anayepiga picha skrini ya hospitali na kuisambaza. Mzazi naye angefaa afiche jina kabla ya kutuma.

Una mashaka na kituo chenyewe? Mashine za eksirei nchini hupewa leseni na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania. Uliza mapokezi wakuonyeshe leseni.

Na ile picha uliyopewa usiiache chini ya godoro, wala watoto wasiitumie kutazamia kupatwa kwa jua, haikingi macho. Iweke kwenye bahasha pamoja na kadi ya kliniki. Mkipewa rufaa kwenda hospitali ya mkoa au Muhimbili, nenda nayo, maana ikisahaulika nyumbani mtoto anaweza kupigwa nyingine.