Ndoano ya bei poa inamla mvuvi wa mshipi

Kijana wa Kasingirima, hapa Kigoma, anayeanza uvuvi wa mshipi huwa na orodha ya manunuzi inayoeleweka: sehemu kwenye mtumbwi, kasia, mshipi, chubwi, taa. Ndoano inakuja mwisho, na kwa kuwa mfuko umeshapungua, anachukua zilizo rahisi kuliko zote dukani. Mpangilio huo una kasoro kubwa. Katika vyote alivyonunua, ndoano ndiyo inayomkamata samaki. Vilivyobaki kazi yake ni kuifikisha majini na kuirudisha.

Uvuvi mkubwa wa Kigoma ni wa dagaa, na ule hauingiliki kwa mtaji mdogo. Unataka vyombo, wavu mkubwa, taa za kutosha na kikosi cha watu wa kulipwa au kugawana. Mshipi ndio mlango wa mwenye kipato cha chini. Mgebuka humfuata dagaa, dagaa hufuata mwanga, basi mvuvi wa mshipi hujisogeza usiku karibu na taa za wenye nyavu na kutafuta riziki yake hapo. Mwenye subira na mshipi mnene humwinda sangala au kuhe. Kazi yenyewe sasa ina kalenda: mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana. Miezi ya kuvua ikipungua, kila samaki anayechomoka nusu ya njia anauma zaidi.

Wapo wavuvi wa mgebuka wasiotia chambo. Hufunga manyoya meupe ya kuku kwenye shina la ndoano, wakapanga ndoano kadhaa juu ya mshipi mmoja, chubwi chini, kisha wakawa wanainua na kushusha mkono. Yale manyoya yakicheza majini, mgebuka anaona dagaa. Hii ni kazi ya fundi, na hapa ndipo anayeanza anapokosea zaidi, kwa sababu ndoano inayofaa chambo cha nyama si lazima ifae manyoya.

Tuanze na namba. Namba ikipanda, ndoano inapungua: namba 12 ni ndogo kuliko namba 8. Ukishafika namba 1 mambo yanageuka, zinafuata 1/0, 2/0 na kuendelea, kila moja kubwa kuliko iliyotangulia. Mitego iko hapa: hakuna kipimo kimoja cha dunia nzima. Namba 8 ya kampuni moja inaweza kulingana na namba 7 au 9 ya nyingine, hata Mustad wa Norway, walioanza kutengeneza ndoano mwaka 1877, hawajaweza kuwalazimisha wengine wafuate kipimo chao. Kwa hiyo usiende dukani na namba kichwani. Nenda na ndoano mkononi, uliyoiomba kwa mvuvi anayerudi na samaki, ulinganishe.

Baada ya namba kuna shina. Ndoano ya manyoya inataka shina refu kidogo, pawe na nafasi ya kuzungushia uzi, kulaza manyoya na kufunga kichwa bila kuziba tundu. Wanaoanza karibu wote hujaza uzi hadi kwenye tundu, halafu mshipi hauna pa kupita. Kwenye pakiti za ndoano za kazi hii utakuta alama kama 2X au 3X, zikieleza shina limerefushwa, au waya umenenepeshwa au kukondeshwa, kwa kiasi gani kuliko kawaida. Waya mwembamba huchoma upesi na haulemei manyoya. Waya mnene humstahimili sangala lakini unataka mvuto wa nguvu ndipo uzame mdomoni. Anayejifunza kufunga aanze na namba 8 au 10 yenye shina refu. Ndogo zaidi zitamchosha macho, na kubwa zaidi zitamficha makosa ambayo angepaswa kuyaona.

Kuhusu kutu, Kigoma tuna nafuu. Maji yetu si ya bahari, hivyo ndoano ya rangi ya shaba inatosha, hakuna haja ya kulipia zile zilizopakwa madini kwa ajili ya chumvi. Kinachoziozesha ni kuzirudisha kwenye kopo zikiwa mbichi.

Ukaguzi wa dukani hauchukui dakika mbili. Pitisha ncha juu ya ukucha wa dole gumba kwa wepesi: ikikwama ni kali, ikiteleza ni butu. Tazama tundu kwenye mwanga. Likiwa halijafungika vizuri, ule mwanya utakata mshipi. Angalia kile kijino cha nyuma ya ncha, kisiwe kimechongwa kwa kina hadi kuidhoofisha. Mwisho nunua moja tu, uibane kwa koleo na kuivuta. Ikinyooka, chuma ni laini. Ikikatika kama kijiti kikavu, imechomwa kupita kiasi. Nzuri hupinda kidogo na kurudi.

Majirani zetu wa Kenya wameigeuza kazi ya kufunga manyoya kwenye ndoano kuwa bidhaa ya kuuza nje. Samaki aina ya trauti waliletwa huko mwaka 1905 kwa burudani ya walowezi, na kutokana na burudani hiyo ikazaliwa biashara ya kufunga wadudu bandia kwa manyoya na nyuzi. Leo warsha za Nairobi, ikiwemo ya kampuni ya Uingereza Fulling Mill, huwauzia wavuvi wa Ulaya na Marekani. Malipo ya kazi hii kwa kawaida huhesabiwa kwa dazeni, na kila aina hufungwa juu ya ndoano iliyotajwa na mnunuzi, namba na shina. Fundi hachagui ya bei poa, kwani dazeni isiyofanana inarudishwa. Sisemi Kasingirima ikimbilie soko hilo kesho. Sri Lanka na Thailand nao wamo na ushindani ni mkali. Ila vidole vinavyofunga manyoya ya mgebuka tayari vipo, na nidhamu ya kuanza na ndoano sahihi haigharimu kitu kuiga.

Kikwazo chetu kikubwa kipo kaunta. Ndoano nyingi zinafunguliwa kutoka pakiti zake na kuuzwa kwa kuhesabu ndani ya vifuko visivyo na jina wala namba, za viwanda viwili vitatu zikiwa zimechanganywa. Mnunuzi hana njia ya kurudi wiki ijayo akapata ileile iliyomfaa. Wenye maduka ya zana za uvuvi, uzeni kwa rejareja mkitaka, lakini iacheni lebo ya kiwandani ionekane. Nanyi mnaoanza, msipoonyeshwa pakiti, nendeni duka linalofuata.