Malori ya Zamani na Usukani wa Pawa

Katika gereji za mkoa wetu, kuanzia Tanga mjini hadi Korogwe na Mombo, liko swali ambalo halichoki kubishaniwa. Nalo ni hili: je, lori au Land Rover ya zamani, iliyotoka kiwandani bila usukani wa pawa, yafaa kufungiwa usukani huo, au yafaa iachwe kama ilivyozaliwa? Wako wasemao kwamba kuibadili ni kuivunjia heshima yake. Wako wanaojibu kwamba heshima ya chuma haiwezi kutangulia mbele ya bega la mwanadamu. Leo nasi tunapenda kutoa maoni yetu, maana jambo hili, japo laonekana kuwa ni la mafundi na wapenzi wa magari peke yao, linagusa uhai wa watu wengi wasiojua hata boksi la stelingi limekaa wapi.

Kwanza na tukumbushane uzito wenyewe. Land Rover za mfululizo wa kwanza, wa pili na wa tatu, zilizotengenezwa tangu 1948 hadi 1985, hazikuwa na usukani wa pawa. Malori ya Bedford ya aina ya J, yaliyoanza kutoka Uingereza mwaka 1958 na ambayo wazee wetu wengi walijifunzia udereva, yalimtaka mtu awe na kifua. Gari likiwa mwendoni usukani huwa na nafuu. Taabu huanza pale linaposimama na kutakiwa kugeuzwa mahali pembamba, mizigo imejaa, tairi za mbele zimekanyaga kokoto. Hapo dereva huinuka kitini, huegemeza mwili mzima, naye utingo akiwa karibu huongeza mkono wake. Aliyepanda barabara ya Mombo hadi Lushoto anaelewa tunalosema. Ni kilometa 33 hivi tu, lakini zinampandisha mtu kutoka takriban meta 400 juu ya usawa wa bahari hadi takriban meta 1,400, kwa kona zinazojikunja ubavuni mwa mlima moja baada ya nyingine. Kabichi na viazi vinavyoteremka huko haviteremki vyenyewe. Vinateremshwa na mikono.

Zaidi ya uzito kuna pigo. Tairi la mbele likigonga jiwe, gari lisilo na pawa hulirudisha pigo lile hadi mikononi, na usukani hufyatuka kama mtego. Ndiyo sababu madereva wakongwe huwakanya vijana wasiviringishe kidole gumba ndani ya duara la usukani. Kiwekwe juu, pamoja na vidole vingine. Wako waliovunjika vidole kwa kulisahau neno hilo.

Kwa hiyo asemaye kwamba usukani wa pawa ni anasa ya wenye nazo haijui historia yake. Mhandisi aliyetengeneza wa kwanza uliofaa kutumika, Mmarekani aitwaye Francis W. Davis, alikuwa katika idara ya malori ya kampuni ya Pierce-Arrow, na kilichomsukuma ni kuona jinsi magari mazito yalivyowataabisha watu. Mwaka 1926 alikwisha kuuonyesha ukifanya kazi. Wenye viwanda hawakuukimbilia. Katika Vita Kuu ya Pili ulifungwa katika magari ya kijeshi, na ilikuwa mwaka 1951 tu ndipo kampuni ya Chrysler ilipouweka katika gari la abiria la kuuzwa madukani, gari la fahari liitwalo Imperial. Yaani aliyelia ni lori, na aliyebembelezwa ni gari la starehe.

Hata hivyo, kabla mwenye gari hajafungua pochi yake, tunamwomba ajiulize jambo moja ambalo wengi hawalijali: je, gari lake ni zito kwa kuzaliwa, au limefanywa zito kwa uzembe? Tunasema hivi kwa sababu malori mengi yanayolalamikiwa hayana ugonjwa mwingine ila ukame wa grisi. Kingipini haijaonja grisi kwa miaka. Nipeli zake zimezibwa na matope na kupakwa rangi juu yake. Boksi la stelingi limevuja mafuta hadi limekauka, na hakuna aliyefungua kizibo chake kutazama. Katika Land Rover za zamani kuna pia kiungo kilichozamishwa ndani ya chuma cha mbele cha chesisi, ambacho kikishika kutu huufanya usukani wote kuwa kama umefungwa kwa kamba. Wengi hawajui hata kama kipo, maana hakionekani, na kukitoa ni kazi ya jasho ambayo fundi mvivu huikwepa.

Kisha ziko tairi. Magari haya yalibuniwa kwa tairi nyembamba za nyuzi za kukingama. Siku hizi tunaona yamevalishwa tairi pana za rediali, tena zenye upepo pungufu, kwa kuwa mwenyewe anazipenda zikionekana zimetuna. Tairi pana hushika ardhi kwa eneo kubwa, na gari lililosimama halina budi kuisugua ardhi hiyo lote kwa pamoja. Mtu huyo amejitwika mzigo kwa mkono wake mwenyewe, halafu anataka pampu imsaidie kuubeba. Ushauri wetu ni kwamba gari liinuliwe jeki magurudumu ya mbele yaelee, na usukani uzungushwe kwa mkono mmoja. Ukiwa bado mzito hali tairi hazigusi chini, basi ugonjwa umo ndani ya viungo, wala si kazi ya pawa kuutibu. Tena kufunga pawa juu ya viungo vilivyokwisha ni hatari tupu, kwa maana pampu huficha ulegevu ambao mkono wa dereva ungeuhisi mapema.

Tukisha kuyamaliza hayo, na gari limetiwa grisi, tairi ni za kipimo chake, na bado mwenyewe hawezi, nini tuseme? Maoni yetu ni wazi. Gari linalofanya kazi na lifungwe pawa. Dereva aliyeendesha Bedford miaka 30 na sasa bega halipandi tena hana deni lolote kwa gari lile. Vivyo hivyo binti aliyerithi Land Rover ya baba yake, akaweza kuiendesha kila mahali isipokuwa kuigeuza sokoni. Haifai aambiwe kuwa gari hilo ni la wanaume. Hatuoni ni utamaduni gani unaolindwa kwa kumzuia.

Lakini linapokuja suala la namna ya kufunga, hapo hatutanii. Katika usukani wa pawa, pampu inayozungushwa na mkanda wa injini husukuma mafuta hadi kwenye boksi. Ndani ya boksi mna ufito wa chuma unaojinyonga kidogo dereva anapokata kona. Kujinyonga huko hufungua vali, na mafuta huingia upande mmoja wa pistoni yakaisukuma. Kona ikiwa ngumu, nguvu ya mafuta hayo yaweza kupita mara 80 ya nguvu ya hewa ya kawaida, hali upepo wa tairi la gari dogo haufiki hata mara 3. Nguvu hiyo yote hushindana na chesisi mahali boksi lilipofungiwa. Chesisi ya zamani haikuandaliwa kwa ushindani huo. Ikiwa boksi limebandikwa kwa kipande cha bati na bolti mbili, chuma kitapasuka kidogo kidogo bila mtu kuona, mpaka siku boksi litakapong'oka kwenye kona. Mahali pale pataka bamba nene, bolti zinazopenya pande zote mbili za chesisi na bomba la chuma ndani yake ili chesisi isibonyee, na baada ya miezi michache patazamwe tena kwa tochi.

Boksi lenyewe kwa kawaida hutolewa katika gari jingine. Wenye Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 40 wana bahati, kwani ndugu yake mdogo, mfululizo wa 60 uliotoka mwaka 1980, ana boksi la pawa ambalo mafundi wa nchi nyingi wamekwisha kuzoea kulihamisha. Wengine huliacha boksi la zamani mahali pake na kufunga pistoni ya nje inayousukuma mkono wa stelingi. Njia hii haiharibu mengi. Siku hizi pia kuna wanaochukua mota ya umeme kutoka kwenye usukani wa gari dogo la kisasa na kuifunga chini ya dashibodi, bila pampu wala mafuta. Ni kazi safi kuitazama, ila mota hiyo hula umeme mwingi, na dainamo ya Land Rover ya mwaka 1960 haitaweza kuilisha. Tena nguvu ya mota za magari madogo ni ya magari madogo. Kwa lori la mizigo tusidanganyane.

Yeyote anunuaye boksi kwa wauza spea chakavu na aulize limetoka katika gari la usukani wa upande gani. Boksi la gari la usukani wa kushoto, likifungwa bila kufikiriwa katika gari letu la usukani wa kulia, laweza kuyapeleka magurudumu kushoto pale dereva anapokata kulia. Hili laonekana kuwa mzaha mpaka limtokee mtu.

Na liko jambo ambalo tungependa kulitilia mkazo kupita yote. Mafundi wengine, wanapokuta fimbo ya stelingi ni fupi au haifiki, huikata na kuichomelea. Mshono wa kuchomelea waweza kung'ara kama fedha na ndani yake mna ufa. Bodi ichomelewe, bampa ichomelewe, hata ngazi ya kupandia. Lakini tai-rodi, mkono wa stelingi na fimbo ya usukani zisiguswe na moto wa kuchomelea wa kando ya barabara. Kama haifiki, itafutwe inayofika, au ichongwe mpya na karakana yenye mashine. Anayekataa gharama hiyo aache gari lake lilivyo.

Baada ya kufunga, dereva naye hana budi kujifunza upya. Ni desturi mbaya iliyozoeleka katika miteremko yetu kutoa gia na kuzima injini ili kuokoa mafuta. Katika lori la zamani usukani haukubadilika injini ilipozimwa. Ulikuwa mzito tangu mwanzo na ukabaki hivyo hivyo. Katika lori lenye pawa, injini ikizimika pampu nayo inalala. Boksi la pawa mara nyingi huwa na mizunguko michache kuliko lile la kale, kwa hiyo usukani huwa mzito kuliko ulivyokuwa kabla ya kubadilishwa, tena ghafla, katikati ya kona, huku na breki zikiwa zimepoteza usaidizi wa injini. Kukatika kwa mkanda au kupasuka kwa mpira wa mafuta huleta matokeo hayo hayo, na mpira uliopitishwa karibu na bomba la moshi unaweza kuwasha moto.

Wala breki hazibadiliki kwa sababu usukani umebadilika. Usukani mzito ulikuwa ukimzuia dereva; ulimlazimisha aingie kona polepole, kwani hakuweza kuikata kwa haraka. Ukiondolewa uzito huo, gari la mwaka 1965 huanza kuendeshwa kwa mwendo wa gari la leo, hali breki zake ni zile zile za dramu. Mwenye fedha za kazi moja tu, basi aanze na breki.

Sasa tuwageukie wale walio na magari ya kumbukumbu. Mwezi Oktoba 2024 mjini Arusha kulifanyika tamasha la Land Rover, na magari ya kila umri yalijitokeza barabarani. Ilidhihirika kwamba watu wetu wanayapenda magari haya kuliko tulivyodhani. Kwa gari la namna hiyo, linalotolewa Jumapili na sikukuu, likaoshwa na kurudishwa bandani, hatuoni haja ya pawa. Uzito wake ni sehemu ya kile mwenyewe anachokwenda kukionyesha, na safari zake ni fupi. Kama ni lazima, basi ifuatwe njia inayoweza kurudishwa nyuma bila kukata chesisi.

Kwa wote, gari lililobadilishwa stelingi lipelekwe likakaguliwe kabla ya kubeba abiria au mzigo, na kampuni ya bima iarifiwe kwa maandishi. Tena boksi la zamani lisiuzwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu, hata kama bei ya kilo inavutia siku hiyo. Lijazwe mafuta, lipakwe grisi, lifungwe katika gunia pamoja na bolti zake zote, na liwekwe stoo mahali pakavu; pampu ikifa na spea ikakosekana, ndilo litakaloirudisha gari barabarani.