Wapiga picha waliozunguka mitaa bila kutoka chumbani

Mwaka 2011 mashindano ya World Press Photo yalimtunukia Mjerumani Michael Wolf tuzo ya kutambuliwa kwa mfululizo wa picha ambazo hakuzipiga barabarani, bali mbele ya kompyuta. Zilionyesha ajali na vituko vilivyonaswa na kamera za magari ya Google. Ubishi ukazuka mara moja: je, huyu ni mpiga picha, au ni mwokotaji tu wa picha za wengine?

Google ilizindua huduma ya Street View mwezi Mei 2007 katika miji mitano ya Marekani. Gari hupita barabarani likiwa na kamera juu ya paa, zikipiga picha pande zote. Kisha picha hizo huunganishwa ili mtazamaji aweze kugeuka na kusonga mbele kana kwamba yuko papo hapo. Mashine hiyo haichagui. Mchuuzi, mbwa na jalala, vyote kwake ni sawa.

Kuchagua ndiko walikokushika wasanii. Jon Rafman wa Kanada alianza mwaka 2008 kukusanya matukio ya ajabu aliyoyakuta humo. Wolf yeye alielekeza kamera yake kwenye skrini, akatafuta pembe, akasogea karibu hata vinukta vya skrini vikaonekana wazi. Si rahisi kumwita mvivu mtu ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa ameshinda zawadi ya kwanza katika mashindano hayo hayo, kwa picha za abiria waliobanana ndani ya treni za Tokyo.

Kazi nzito zaidi, hata hivyo, ni ya Mmarekani Doug Rickard. Alipekua katika kompyuta mitaa ya mafukara ya miji kama Detroit, akatoa kitabu A New American Picture mwaka 2010; mwaka uliofuata picha zake zikatundikwa katika jumba la makumbusho la MoMA, New York. Kwa kuwa kamera ya gari huwa juu ya kimo cha mtu, wakazi wa mitaa hiyo wanatazamwa kutoka juu. Nyuso zao zimetiwa ukungu na Google yenyewe ili kulinda faragha. Ukungu huo, uliowekwa na programu isiyojua lolote kuhusu umaskini, ndio unaozipa picha hizo uchungu wake: watu wapo, lakini ni kama wamefutwa.

Hapo ndipo penye lawama. Wakazi hao hawakuulizwa na gari, wala hawakuulizwa na msanii. Ni kweli kwamba wapiga picha wa mitaani wa zamani nao mara nyingi hawakuomba ruhusa. Lakini walisimama palepale, wakaweza kuulizwa, kutukanwa, hata kufukuzwa. Rickard alikuwa nyumbani kwake, na mkazi wa Detroit aliyesimama kando ya njia huenda hakujua kamwe kwamba umbo lake linatazamwa ukutani New York.