Vijana wa nduthi Tabaka, pimeni kabla ya kujaza upepo

Kama unaendesha bodaboda Tabaka, Kaunti ya Kisii, unajua mizigo ya huku ina mambo yake. Asubuhi unabeba mwanafunzi, mchana unaitwa machimboni upeleke mawe ya sabuni kwa wachongaji, jioni unarudi na mama mmoja na gunia lake. Mzigo unabadilika kila saa, lakini shoki za nyuma ni zile zile, na pengine hazijaguswa tangu ulipoinunua pikipiki.

Hebu piga hesabu. Jiwe la sabuni lina uzito wa takriban mara 2.7 ya maji. Kipande chenye sentimita 30 kila upande kinapita kilo 70. Huyo ni abiria mzima, tena asiyejua kujishikilia! Nyuma ikizama, gurudumu la mbele linakuwa jepesi, usukani unayumba, na usiku taa inammulika machoni anayekuja. Kwenye mteremko wa murram ulionyeshewa, hapo ni noma.

Ndipo unapoanza kutamani shoki za upepo. Ndani yake, hewa iliyoshindiliwa husaidia kubeba uzito au huubeba yenyewe badala ya springi ya chuma. Ukiongeza presha, zinakuwa ngumu, ukipunguza, zinalainika. Si jambo geni: Honda waliweka mfumo wa aina hiyo kwenye Gold Wing GL1100 mwaka wa 1980.

Lakini kabla hujatoa pesa, tumia ulicho nacho. Shoki nyingi za bodaboda zina pete yenye ngazi kwenye springi. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, tairi la nyuma lisiguse chini. Pima kutoka ekseli hadi alama moja juu yake kwenye bodi. Kisha ishushe, ukae na mzigo wako wa kawaida huku mwenzako akiishikilia wima, mwingine apime tena. Tofauti ya vipimo hivyo iwe karibu theluthi moja ya safari yote ya gurudumu. Kama gurudumu linaweza kupanda sentimita 9, lizame kama 3 hivi.

Likizama zaidi, zungusha pete ngazi moja, kulia na kushoto sawasawa, upime tena. Kumbuka, pete haiifanyi springi kuwa ngumu. Inainua tu nyuma. Ukifika ngazi ya mwisho na bado inazama, basi springi imechoka au mzigo umezidi.

Ukiamua kununua za upepo, hakikisha urefu kati ya matundu mawili ya bolti ni sawa na wa zile za zamani. Kama zina mpira wa hewa, upitishe mbali na ekzosi, cheni na tairi. Jaza shoki zikiwa zimepoa, kwa pampu ndogo ya mkono yenye geji. Kompresa ya kujazia matairi inaweza kuziharibu, kwa sababu hewa inayoingia humo ni kidogo sana. Presha isizidi ile aliyoandika mtengenezaji. Paka maji ya sabuni kwenye viungio: povu likitoka, hewa inavuja. Na ukishusha mzigo, punguza presha, la sivyo nyuma itarukaruka kwenye mashimo na tairi litakosa kushika barabara.

Jambo moja usidanganyike nalo. Upepo unainua pikipiki, hauongezi nguvu ya fremu, spoki wala breki. Uzito wa juu uliowekwa na mtengenezaji unabaki pale pale, hata nduthi ikisimama vizuri namna gani. Jiwe likizidi, omba likatwe, upige safari mbili. Limekaa ardhini miaka na mikaka. Haliwezi kushindwa kukusubiri nusu saa.