Kidole, Mdomo na Kamba: Ni Ipi Inayosema Kweli Juu ya Unene?



Katika ziara zetu za vikundi upande wa Malaba, mama mmoja alituuliza swali mbele ya wenzake. Alikuwa amesikia sokoni kwamba mtu akisomwa alama za vidole na za midomo, hujulikana kama atanenepa au la. Yeye alikwisha somewa, na akalipa. Akaambiwa vidole vyake ni vya unene. "Sasa mwalimu," akasema, "kama nimeandikwa hivi tangu tumboni, nijisumbue na nini tena? Hata kupimwa presha nimeacha."

Wengine walicheka. Sisi hatukucheka. Pesa aliyotoa si kubwa, bali kuacha kupimwa presha ndiko kulikotutia hofu. Ndiyo maana tumeona vizuri tulieleze jambo hili pole pole, ili kila kikundi kilijadili.

ALAMA ZA VIDOLE NI KITU GANI?

Tazama ncha ya kidole chako kwenye mwanga. Utaona mistari midogo iliyoinuka kama matuta ya viazi shambani. Mistari hiyo hukaa kwa namna tatu kubwa. Kuna KITANZI: mistari inaingia upande mmoja, inapinda na kurudi upande ule ule. Kuna DUARA: mistari inazunguka kama maji yakiingia shimoni. Na kuna UPINDE: mistari inapanda kidogo katikati na kushuka ng'ambo. Ukihesabu vidole vya watu wengi duniani, zaidi ya nusu ni vitanzi, karibu theluthi ni maduara, na pinde ni chache sana.

Wazee wetu walizijua alama hizi kwa uchungu. Sheria ya kipande ilipitishwa mwaka 1915 na ikaanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwanamume Mwafrika alichukuliwa alama za vidole, akavaa kipande shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Leo sisi sote tunaweka vidole tunapochukua kitambulisho. Serikali hutumia vidole kwa sababu hakuna watu wawili wanaojulikana kuwa na alama sawasawa, hata mapacha wanaofanana.

Midomo nayo ina mistari yake. Huko Japani, Kazuo Suzuki na Yasuo Tsuchihashi waliichunguza na kuipanga kwa aina, wakitafuta njia ya kumtambua mtu. Lakini midomo hukauka, hupasuka wakati wa kiangazi na hupata vidonda, kwa hiyo alama yake ni ngumu kuisoma kuliko ya kidole.

HABARI YA UNENE ILITOKA WAPI?

Haikutoka hewani tu. Ina mzizi, na mzizi wenyewe uko tumboni mwa mama.

Mistari ya vidole huanza kujiandika mimba ikiwa na miezi miwili na nusu hivi, na kabla ya mwezi wa tano kwisha imekamilika. Wakati ule ncha za vidole vya mtoto zina vivimbe vidogo. Kivimbe kikiwa bado kimeinuka sana, mistari huelekea kuwa duara. Kikiwa kimekwisha shuka, huelekea kuwa upinde. Baada ya hapo haibadiliki tena mpaka kufa, ingawa jembe na kazi ya mawe huweza kuisugua mpaka mashine ikatae kidole chako.

Basi wataalamu wakafikiri: kama alama zinaandikwa miezi ile ile ambayo viungo vya ndani vinaumbwa, huenda zikatueleza jinsi mtoto alivyokua tumboni. Mwaka 1993 watafiti wa Uingereza, Keith Godfrey na David Barker wakiwa miongoni mwao, walichunguza watu wazima waliozaliwa katika mji wa Preston. Waliona kwamba wenye maduara walikuwa, kwa wastani, na presha ya juu kidogo kuliko wenzao.

Tena kuna habari ya Uholanzi. Wakati wa vita, mwaka 1944 hadi 1945, watu walikufa njaa huko. Mwaka 1976 watafiti waliangalia kumbukumbu za vijana wa kiume wapatao 300,000 waliopimwa wakiwa na miaka 19. Wale ambao mama zao walishikwa na njaa katika nusu ya kwanza ya mimba walionekana kunenepa kupita kiasi zaidi ya wengine. Ni ajabu, lakini ndivyo ilivyokuwa: njaa ya mama ilifuatwa na unene wa mwana.

Kwa sababu hiyo watu wengine wamejaribu kulinganisha vidole na midomo ya watu wanene na wembamba.

MBONA BASI TUSIAMINI?

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Lakini mkulima wa Busia anajua si kila wingu huleta mvua.

Kwanza, uchunguzi mwingi wa vidole, midomo na unene umefanywa kwa watu wachache, na majibu hayapatani. Mmoja anasema ni vitanzi, mwingine anasema ni maduara.

Pili, angalia hesabu. Tumesema vitanzi ndivyo vingi kuliko vyote. Basi watu wanene wengi watakuwa na vitanzi, na wembamba wengi pia watakuwa navyo. Ni kama kusema, "Wagonjwa wengi wa Malaba huvaa ndala, kwa hiyo ndala zinaleta ugonjwa."

Tatu, "kwa wastani" si "wewe". Wastani ni habari ya kundi zima. Haimwambii mama mmoja aliyekaa mbele yetu kama atanenepa au hatanenepa.

Kwa hiyo anayekutoza pesa akusome vidole au midomo hakuuzii dawa wala kipimo. Anakuuzia wingu.

UNENE WENYEWE SI MCHEZO

Hapa kwetu mpakani tulikuwa na sababu ya kupenda unene. Miaka ile ugonjwa wa ukimwi uliitwa silimu ng'ambo ya Uganda, mtu akikonda alinyooshewa kidole. Kitambi kikawa cheti cha afya na cha pesa. Mawazo hayo bado yako nasi.

Lakini uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 45 ya wanawake wa Kenya wa miaka 20 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Karibu mmoja kwa kila wawili! Unene huo huvuta presha, kisukari, magonjwa ya moyo na maumivu ya magoti. Na presha haipigi hodi. Unaweza kuwa nayo miaka mingi bila kusikia kitu.

Tumefikaje hapa? Ni kweli damu ya ukoo ina sehemu yake. Lakini tujiulize. Neno "bodaboda" lilizaliwa hapa hapa mpakani, kwa vijana wa baiskeli waliowabeba watu kutoka boda hadi boda. Leo ni pikipiki, dereva amekaa na abiria amekaa. Kando ya barabara ya malori ni chapati, mandazi, chipsi na soda. Ugali wa wimbi na muhogo, mrenda, kunde, saga na omena tumeanza kuviita chakula cha maskini.

PIMENI KWA KAMBA

Kipimo hiki hakina malipo, na kikundi chaweza kukifanya siku ya mkutano:

1. Chukua kamba isiyovutika. Mpime mtu mzima kutoka kisigino hadi utosi, bila viatu, ukate hapo.
2. Ikunje kamba katikati, iwe nusu.
3. Izungushe nusu hiyo kiunoni, juu kidogo ya kitovu, mtu akipumua kawaida.
4. Ncha zikikutana, ni vizuri. Zisipokutana, mafuta ya tumbo yamezidi, na mtu huyo aende kupimwa presha na sukari.

Mama mjamzito asipimwe hivyo, na watoto wapelekwe kliniki.

Wenye mizani wafanye hesabu hii: kilo gawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mtu wa kilo 80 na urefu wa mita 1.60: 1.60 mara 1.60 ni 2.56, na 80 gawanya kwa 2.56 ni 31. Kuanzia 25 uzito umezidi, na kuanzia 30 ni unene wa kupindukia.

Yule mama wa Malaba alipimwa kwa kamba siku ile ile. Ncha hazikukutana. Hatukumficha. Tulimwambia, "Mama, vidole huwezi kuvibadilisha, lakini kiuno unaweza." Juma lililofuata wenzake wawili walimsindikiza zahanati kwa miguu, na presha ikapimwa.

Na kama vidole vina somo lolote, ni hili: miezi ya kwanza ya mimba ni ya thamani. Mjamzito aanze kliniki mapema, na nyumbani alishwe vizuri. Asiachiwe makombo.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Ni nani katika kikundi chetu hajapimwa presha mwaka huu? Nani atamsindikiza?
2. Ni chakula gani cha wazee wetu tulichokiacha, na kwa nini?
3. Kijijini kwetu, nani hula kwanza na nani hula mwisho? Mjamzito yuko wapi katika foleni hiyo?